Nyumba Iliyoitwa Monako

Mumewe alipofariki na shemeji zake wakagawana kiwanja, Euphrasia alijenga mbali na watu, kando ya barabara iendayo Bulyanhulu. Binti yake, Blessing, alikuwa ameolewa Geita. Mama akabaki peke yake na mbuzi wake, macho yamemwiva kwa moshi wa kuni.

Siku moja alimsikia abiria akimwambia dereva wa bodaboda, "Nishushe pale Monako." Akashushwa mbele ya mlango wake. Kesho yake jina likatajwa tena, safari hii kwa kicheko. Euphrasia alisikia "mnoko". Akajiuliza amemchongea nani, na kwa nani.

Jumapili, baada ya ibada, alimwendea katekista Theonest, aliyewahi kusoma seminari.

"Si mnoko, mama," Theonest alisema. "Monako ni mji wa Ulaya, uko kando ya bahari. Wengi husema jina hilo lilitoka kwa Wagiriki wa kale. Maana yake nyumba moja, nyumba iliyojitenga."

Alidhani amemtuliza. Euphrasia alirudi nyumbani na hofu kubwa zaidi. Huku Usukumani, nani asiyejua anavyoitwa mwanamke mzee mwenye macho mekundu na nyumba iliyojitenga? Mchawi. Heri mnoko! Tangu hapo, mtu yeyote akipunguza mwendo karibu na ua wake, Euphrasia alimtazama mikononi kwanza, kama ameshika panga.

Mwishowe akamsimamisha Mwita, dereva aliyezoea kumpeleka sokoni.

"Shikamoo, Mama Blessing."

"Marahaba. Nani kawafundisha Kigiriki?"

"Kigiriki?" Mwita alishangaa. Akanyoosha kidole ukutani, pale ambapo rangi nyekundu ilimwishia fundi, akaikata mshazari na kumalizia kwa chokaa nyeupe. "Hiyo si jezi ya Monako, mama? Wale wanaocheza ligi ya Ufaransa. Mimi ndiye niliyeanza kupaita hivyo."

"Na mnachocheka?"

"Tunacheka ukuta."

Alimwamini Mwita. Wengine hakuwaamini, kwani jina likishatoka mdomoni, kila mtu hulitia maana yake. Akampigia simu mdogo wake, Klara, aliyekuwa Mhunze: "Njoo tukae wote. Njoo na kuku wako."

Klara alikuja, wakaanza kufyatua tofali za nyumba ya pili. Bodaboda hawajaliacha lile jina. Pikipiki ikisimama, Euphrasia bado hutoka kuangalia nani ameshuka, ila siku hizi Klara husimama naye.