Shangazi na Mtoto Mnyonya Damu

Cheka ukitaka, lakini shangazi yangu ndiye aliyempa yule mtoto mnyonya damu sauti ya Kiswahili, na mimi ndiye fundi niliyemrekodi. Mtaani shangazi wanamwita Chiriku. Miaka ishirini sasa anatia sauti filamu za nje: wachawi, mabibi harusi, hadi mbwa! Kazi yetu ina sheria moja: usiache kimya. Mwigizaji akifumba mdomo, wewe jazia maneno, maana mteja akisikia kimya anadhani spika zimekufa.

Basi ikaja hiyo filamu. Mtoto hakui wala hafi. Mama yake anazeeka, lakini kila jioni anamkalisha na kumchana nywele. Bosi akataka mtoto angurume.

"Bosi wangu, huyu hasumbuliwi na njaa tu," shangazi akamwambia. "Huyu ni mpweke."

Anajua anachosema. Alipokuwa na miaka tisa alifungiwa ndani miaka miwili kwa ugonjwa wa kifua. Wenzake walikuwa wakimpungia mkono kutoka nje, wanakimbilia michezo yao. Aliyeingia chumbani ni mama yake peke yake, bibi yangu, akimchana nywele kila siku bila kujifunika pua.

Tukafika pale mama wa kwenye filamu anapokata roho, mtoto kamkumbatia miguu. Shangazi akasema kwa sauti ndogo, "Mama, usilale kwanza." Kisha akanyamaza. Nusu dakika nzima! Nikampigia ishara, jazia, jazia! Wapi. Bosi akafura.

"Jumamosi tunaionyesha ukumbini," akamwambia shangazi. "Wakizomea, natafuta sauti nyingine, na wewe kapumzike nyumbani."

Jumamosi mchana ukumbi ukafurika. Mbele yetu alikaa muuza vyuma chakavu, pande la mtu, anatania kila kitu tangu mwanzo. Kile kimya kikafika. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Shangazi akanifinya mkono, lakini kichwa hakuinamisha, na mimi nikaona fahari kuketi naye, hata kama kazi ndiyo inakwenda.

Muuza vyuma akasimama, akageuka nyuma, macho yamemlowa.

"We! Nyamaza! Huoni mtoto anaagana na mama yake?"

Ukumbi mzima ukanyamaza, mpaka mtoto akamaliza kuaga.