Ubavu wa Kulia wa Mtasema

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa hapa Pito mimi huwa sina simile. Inakuja mara moja kwa mwaka: mbwa sitini, meza moja, boksi moja la barafu, na watu wanaotaka kupita mbele eti wameacha maharage motoni. Kwa hiyo nilipomwona Isdori kwenye foleni nilijua foleni itasimama.

Isdori ni mkulima wa mahindi na ulezi, miaka sitini na kitu, na kazi yake ya pili ni kuuliza. Kila msimu tunafukia majani kwenye matuta. Yeye huacha tuta moja bila majani, aone litazaa nini. Redio ya mkewe, Klementina, aliifungua ajue sauti inakaa wapi, na mpaka leo inashika stesheni moja tu. Kwenye semina ya mbolea aliuliza mpaka chai ikapoa, watu wakamnunia wiki nzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana mifugo. Nimemleta Mtasema."

Ndilo jina la mbwa wake, na majirani wanajua limeelekezwa kwao. Nilimtazama nikaduwaa. Ubavu wa kulia manyoya yalikuwa yameota vizuri. Wa kushoto ulikuwa mweusi tititi, ngozi imekakamaa, vidonda vitupu.

"Ana ukurutu huyu. Mlete akipona."

"Jumatatu atakuwa hajapona."

Sote tulijua maana yake. Wiki iliyotangulia mbwa mwenye kichaa aliuawa kisimani, na hakuna aliyejitokeza kusema ni wake. Tangazo likatoka: kuanzia Jumatatu, mbwa asiye na utepe mwekundu wa chanjo shingoni anauawa. Na Klementina macho yamemwishia. Kwenda kisimani au kanisani, hushika kamba ya Mtasema.

"Ukurutu uko kwenye ngozi," Isdori akasema. "Kichaa kinakaa wapi?"

"Mzee, dawa mbili haziingii mwili mmoja."

"Nani kasema?"

Foleni ikacheka. Nilikasirika, sifichi. Aliyenitangulia kazini alikuwa akiwarudisha mbwa wenye ukurutu, nami nikawarudisha, miaka sita sasa. Nikampigia Daktari Victoria, daktari wa mifugo mjini, nikaweka spika na kumweleza, nikitumaini atanisaidia kumnyamazisha mzee.

"Anakula? Ana homa?" daktari akauliza. "Anatibiwa kwa dawa gani?"

Nikamgeukia mzee.

"Kulia namwogesha dawa uliyoniandikia," Isdori akasema. "Kushoto nampaka oili chafu ya pikipiki, kama wanavyofanya wote hapa. Nilitaka kujua nani mwongo."

Watu walicheka mpaka mbwa wakaanza kubweka. Daktari alisubiri kelele zitulie.

"Oili aache leo hii, mbwa akijilamba inamdhuru. Amwogeshe dawa pande zote. Ila kama anakula na hana homa, ukurutu si sababu ya kumnyima chanjo, tena kichaa kikiwa mtaani. Mchome kulia, pasipo na vidonda."

Nikampima joto, lilikuwa sawa. Nikamchoma. Utepe Isdori alimfunga mwenyewe, akashindwa fundo mara mbili. Nikadhani sasa ataondoka.

"Bwana mifugo, mwaka jana ulimrudisha mbwa wa Getruda kwa ukurutu. Na wengine. Walirudi?"

Nikamwambia sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka vizuri kwamba hakurudi hata mmoja.

Jumapili baada ya misa nilijaza barafu, nikawasha pikipiki, nikapita nyumba kwa nyumba. Wa mwaka jana walikuwa kumi na mmoja. Tisa niliwakuta nikawachanja, mmoja alishahamia Kabwe na wenyewe. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Getruda. Alikuwa anaanika ulezi, na kamba ya mbwa ilining'inia mlangoni, tupu.

"Yule wa kisimani alikuwa wangu," alisema, bila kuniangalia. "Niliogopa kusema."

Nikamuuliza kama aling'ata mtu.

"Hakung'ata mtu." Akaendelea kutandaza ulezi. "Ulisema nimlete akipona. Alipona mwezi wa pili, bwana mifugo. Chanjo yako ilikuwa imeshapita."