Kutazama kwa Pembe ya Jicho

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikaa eda nyumbani kwa mama, Mabawa, na katika eda ile sikulia hata chozi. Shangazi alilichukia jambo hilo. Kila akija alinikagua macho kama mtu anayekagua mtungi kama unavuja, kisha akaguna. Ningemwambia ukweli angeguna zaidi: uso wa mume wangu ulikuwa umenitoka. Alifia kwenye shamba la mkonge alikokuwa akifanya kazi, upande wa Maramba, wakamzika hukohuko kabla sijafika, na picha hakuacha. Nikifumba macho kumtafuta, naona giza tupu. Utamliliaje mtu usiyemwona?

Kaka yangu alikuwa amenunua darubini kwa mpima ardhi mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Masika yalipokwisha akaisimamisha uani, baada ya isha, akaniita.

"Mwenye eda hakodoi macho ovyo," shangazi akadakia kutoka jikoni.

"Ati nyota nazo ni wanaume?" mama akamjibu. "Mwache mwanangu apate hewa."

Nikainama. Kaka alisema mle mna galaksi, nyota zisizo na idadi zilizokusanyika mbali kupita akili, na kwamba ina ufito wa nuru katikati, na mikono iliyopinda kutoka ncha za ufito huo. Kitabuni mwake ndivyo ilivyochorwa. Mimi niliona weusi. Nikakaza jicho, weusi uleule.

"Sioni kitu, kaka."

"Unaikodolea. Nuru hafifu haitaki kukabiliwa. Jicho libaki hapohapo kwenye kioo, ila tazama kando kidogo, kama unavyomtazama mkweo."

Hilo nililijua vizuri. Nikatazama kando, na ukungu mdogo ukajitokeza, kama pumzi juu ya kioo, na ndani yake ufito mfupi. Nikaukabili, ukapotea. Nikatazama kando, ukarudi. Haukunifurahisha wala haukunihuzunisha.

Nikamkumbuka somo wangu, mwanamke aliyenifunda kabla ya harusi. Alinionya kuwa mke mwenye adabu hamkazii mumewe macho. Nami nikatii kupita kiasi. Ndoa yetu fupi yote nilimtengea chakula nikitazama sinia, nikampokea koti nikitazama vifungo. Na tangu afe nilikuwa nikimtafuta kwa mbele, mahali ambapo sikupata kumwona kamwe.

Nikabaki nimeinama pale, sitafuti kitu. Mume wangu akaja kwa pembeni: sikio la kushoto, kovu dogo chini yake, na shavu linalojizuia kucheka, kwa kuwa alijua namtazama kwa wizi.

"Bado unaiona?" kaka akauliza.

"Naona," nikasema, nikiogopa hata kupepesa. "Usiisogeze."

"Haisogezwi na mtu," akanijibu. "Mbingu ndizo zinazokwenda."