Kima wa Bibi na Taa wa Mjomba

Mwaka aliougua bibi yangu, kitu pekee alichokitamani kilikuwa samaki taa wa nazi. Chakula kingine alikionja, akakisukuma. Nilikwenda mpaka sokoni Darajani, taa hakuna. Wauzaji wakasema siku hizi wamekuwa adimu. Mimi ni mtu wa haya, sikuuliza zaidi, nikarudi kijijini kwetu kusini.

Uani niliwakuta kima punju, wale wa mgongo mwekundu, wakichukua makaa yaliyozimika jikoni. Huyatafuna wakishakula majani ya mti wa mkungu, kutuliza tumbo. Nao ni wachache, hawapatikani ila visiwani kwetu. Lakini kwetu hakuna aliyewapika, maana wazee walisema nyama yao ina sumu. Jina baya limewasitiri. Taa hakusingiziwa sumu. Utamu wake ndio uliomponza.

Asubuhi nilimfuata mjomba kwenye uzio wake, ukuta wa fito unaozuia samaki maji yakitoka. Ndani, kwenye maji yaliyobaki, alilala taa mkubwa.

"Bibi yako leo atalamba sahani," mjomba akasema, akainua mkuki.

Taa akatikisika, akatokwa na mtoto, mbawa zimekunjwa kama chapati. Akafuata wa pili. Mjomba akateremsha mkuki.

"Anazaa huyu. Mgonjwa ni wako, sema wewe."

Nikainamia maji. Akilini nilimwona bibi akisukuma sahani.

"Haya zako mpelekee mchumba. Hapa maji yanarudi."

"Tumwache," nikasema.

Akang'oa fito kadhaa, tukawasukuma nje polepole, mama na wanawe, wakapotea kwenye majani ya bahari.

Nilirudi mikono mitupu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Taa yuko wapi?"

Nikamweleza. Alikuwa akimtazama kima mmoja, mtoto kamning'inia kifuani, anachagua makaa.

"Huyo ananiibia kila siku," akasema, "na jiwe sijamrushia, kwa kuwa ananyonyesha. Wewe ungenilisha mzazi?"

"Sasa nnakupikia nini?"

"Muhogo. Nazi si ipo?"

Nikakuna nazi, nikapika kwa makaa waliyotubakishia kima. Bibi akala, kisha akanirudishia bakuli.

"Ongeza," akasema.

Alhamdulillahi. Nimekula vingi tangu hapo, lakini neno lile ndilo ninaloshukuru kila nikikaa jikoni.