Dada Asiyefunga Mlango

Mpaka leo, harufu ya mvuje unaoungua kwenye samli hunikamata tumboni kwanza, puani baadaye. Ni harufu mbaya, niseme ukweli, kitu kati ya kitunguu kilichooza na soksi, mpaka samli ishike moto na haradali zianze kuruka ndani ya sufuria. Hapo inageuka kuwa harufu ya chakula, na mwenye njaa anasahau alichokuwa akikilalamikia. Niliijua nikiwa na miaka kumi, katika jiko la ashramu moja ya watawa wa Kihindu, juu kidogo ya katikati ya jiji la Durban, ambako mama yangu aliosha masufuria. Tulikuwa na miezi saba tu tangu tutoke Uvira, kule Kongo. Tulikaa Albert Park, ghorofa ya tisa, katika chumba tulichokigawa kwa pazia na familia nyingine, na kila jioni mama alirudi na harufu hiyo kwenye kitambaa chake cha kichwa. Jirani yetu Mama Shamte, mtu wa Tanga, aliinusa akacheka, akasema kwao mvuje hufungiwa watoto wachanga ili mashetani wasiwasogelee. Mama, mlokole asiyetaka kusikia habari za mashetani hata kwa mzaha, alikiloweka kitambaa kwenye sabuni papo hapo.

Siku yake ya kwanza kazini, mama alikwenda na kikombe chake na sahani yake ya bati. Katika nyumba alizofanya kazi kabla ya hapo, kikombe cha mfanyakazi kilikaa chini ya sinki, peke yake, na hakuna aliyekieleza wala aliyekiulizia. Kwa hiyo chakula kilipoiva alijipakulia kidogo, akatoka nje, akakaa karibu na mapipa ya taka. Mpishi mkuu, mjane mwenye miwani mikubwa tuliyemwita Anti Kokila, alimfuata akamshika mkono, akamrudisha ndani, akamkalisha mkekani katika safu moja na watawa na wageni. Aliyepita akipakua dengu ni Swamiji, mkuu wa nyumba yote, mzee mwenye magoti mabovu. Mama alitusimulia jioni kama mtu aliyeona ajali.

"Mukubwa wao ndiye anagawa chakula," alisema. "Yeye anakula wa mwisho. Mi niliogopa kumeza."

Likizo ya Julai ilipofika hakuwa na mtu wa kumwachia watoto, basi akawa anatupeleka jikoni, mimi na mdogo wangu Dodo wa miaka mitatu. Kazi yangu ilikuwa kuchambua dengu na kumzuia Dodo asizile mbichi. Anti Kokila alipenda kuzungumza huku akikata giligilani, na mazungumzo yake yote yalimhusu mtu mmoja aliyemwita Dada. Dada alisema hivi, Dada hakupenda vile. Kiingereza changu kilikuwa cha miezi saba, lakini neno dada halikuhitaji mkalimani. Nilielewa kwamba nyumba ile ina dada mkubwa mwenye amri kuliko wote, labda anakaa ghorofani, labda miguu inamsumbua ndiyo maana hashuki. Kama Anti Kokila alikuwa akitumia lile neno la Kiingereza la mwanamume badala ya lile la mwanamke, mimi sikulisikia. Kwetu mtu ni yeye, basi, na hata sasa nikichoka nawachanganya wanaume na wanawake mbele ya wakubwa zangu kazini.

Na huyo Dada alikuwa na mambo. Alizaliwa katika ukoo wa mafundi wa makufuli, akafua makufuli ya matajiri na ya mahekalu mpaka mikono ikawa myeusi isiyotakata. Alipoacha nyumba na kwenda utawani, alikuta jiko la watawa lina milango miwili: mmoja wa waliozaliwa vizuri, mwingine wa wanaofagia, na ghala la chakula limefungwa kwa kufuli. Alilitazama lile kufuli akaona ni kazi ya mkono wake mwenyewe. Akalifungua kwa msumari, akalitupa kisimani. Walimpiga, wakamtoa nje msimu mzima wa mvua, na huko nje, akiwa ameegemea ukuta wa jiko, ndiko alikoanza kutunga nyimbo ambazo watawa wa Durban waliziimba kila jioni huku Dodo akipiga sahani. Hazikuwa nyimbo za kumsifu Mungu aliye mbali. Alimsuta Mungu kwa kukubali kufungiwa ndani na watu wabaya, akamwomba atoke nje wanyeshewe wote. Baadaye walimrudisha, na mwisho wakamfanya mkuu wao. Hapo akaweka kanuni zake: jiko lisifungwe, mkuu apakue na ale wa mwisho, aoshaye masufuria akae safu moja na wengine, na mtawa asiseme uongo hata kwa utani. Anti Kokila aliyasimulia hayo kama mambo ya wiki iliyopita, na mimi nilimpenda huyo mwanamke fundi wa makufuli kuliko mtu yeyote wa Durban.

Ni katika likizo hiyohiyo mji ulipobadilika. Saluni na maduka ya simu ya watu wetu kule mjini yalishusha milango ya vyuma mchana kweupe. Kwenye lifti watu waliacha kuzungumza, Kiswahili kisije kikasikika. Mlango wa chini wa jengo letu ulibandikwa karatasi inayosema wageni wote waliotoka nchi nyingine wawe wameondoka kufikia Ijumaa, na familia ya upande wa pili wa pazia ikaondoka na godoro lake kabla hata ya kuisoma mpaka mwisho. Jumanne mama alitia nguo zetu kwenye mfuko mmoja, tukaenda ashramu. Anti Kokila alitupa nafasi ghalani, kati ya magunia ya mchele. Mlango wa jiko ulitazama uchochoro wa nyuma, na kama Dada alivyoamuru, haukuwa na kitasa wala komeo, ukiusukuma tu unafunguka. Katika mji ambao hata banda la mbwa lina geti, mlango ule ulinitisha. Mama aliuegemezea sufuria kubwa kila tulipolala, ili likianguka tusikie.

Alhamisi asubuhi alikuja Anko Jayesh, mwenyekiti wa kamati ya ashramu, mwenye duka la rangi mjini. Alikuwa na fundi mwenye mashine ya kutobolea, na mkononi ameshika kufuli jipya ambalo halijatolewa kwenye plastiki. Alimwambia Anti Kokila kwamba wataenda juu kupitisha jambo hilo na Swamiji, kisha mlango utiwe komeo, na "hawa" waondoke kabla ya giza, kwa sababu watu wakisikia kuna wageni humu wataichoma nyumba nzima pamoja na wazee wasioweza kukimbia. Sitamsingizia, hakuwa mtu mbaya. Vioo vya duka lake vilikuwa vimevunjwa wiki hiyo, na alikuwa akitoka jasho katika baridi ya Julai. Anti Kokila hakuinua kichwa kutoka kwenye giligilani zake. Alisema mlango ule ni wa Dada, na bila Dada kuruhusu hakuna atakayetoboa hata tundu.

"Anasema nini?" mama aliniuliza.

"Anasema tutoke leo. Tutaenda wapi, Mama?"

"Nawisha Dodo mikono," alisema mama, akaendelea kusugua sufuria lililokuwa safi tayari.

Nilimnawisha Dodo mikono. Kisha nikapanda ngazi kumtafuta Dada. Nilikuwa na hakika kabisa: mwanamke aliyelitupa kisimani kufuli lake mwenyewe asingeweza kunikatalia. Nilifungua chumba cha vitabu, nikafungua chumba cha nguo za rangi ya machungwa zilizoanikwa kwenye kamba, nikafungua ukumbi wa sala, na humo nikawakuta wanakamati watano wameketi sakafuni mbele ya Swamiji. Niliingia na viatu. Nilisema kwa Kiingereza kwamba namtaka Dada. Anko Jayesh, bila hata kunitazama vizuri, alinyoosha kidole kwenye picha kubwa ukutani, yenye shada la maua ya manjano: mzee mwenye ndevu nyeupe na nyundo mapajani. Nikasema si huyo, namtaka Dada, yule mwanamke. Mtu mmoja alikohoa. Nikahisi wananificha, hasira ikanipanda, machozi yakaja, na Kiingereza chote kikanikimbia.

"Nataka dada mkubwa," nililia kwa Kiswahili. "Dada mwenye mlango."

Swamiji aliinua kichwa taratibu. Alizaliwa Kisumu, babake akiuza vitambaa, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, tena alikuwa hajakigusa kwa miaka mingi.

"Wewe natafuta dada gani?" aliuliza. Halafu akaitazama picha, akanitazama mimi, akacheka mpaka akajifuta macho kwa nguo yake. Aliwaeleza wenzake, kisha akanieleza mimi: katika lugha yao dada ni babu, baba wa baba. Yule mzee wa ukutani ndiye Dada, na alikufa vizazi vingi nyuma, huko India. Nilisimama pale na viatu vyangu nikiwa nimepoteza dada wa kutegemea ndani ya dakika moja, na aibu niliyoona ilizidi hofu.

"Na huyo dada," Swamiji aliendelea, sasa hacheki, "wewe nataka ambia nini?"

"Asifunge mlango. Mama yangu hana pengine pa kwenda."

Aliitafsiri sentensi hiyo polepole. Sikuijua lugha, lakini nilijua ni yangu, kwa sababu wote walitazama chini. Nilitegemea Swamiji atoe hotuba; hakutoa. Aliomba ashikwe mkono asimame, akaomba kiti kipelekwe kwenye mlango wa jiko. Anko Jayesh alimfuata akibishana naye ngazi zote. Walipofika chini Swamiji aliketi mlangoni, akautazama uchochoro, na Anko Jayesh, akiwa bado anabishana, alikwenda kuchukua kiti cha pili akakiweka karibu. Kufuli lilikuwa limetuna kwenye mfuko wa shati lake. Fundi alikunja waya wa mashine yake akaenda zake.

Saa saba mchana tulisikia filimbi na kuimba kutoka barabara ya chini. Mama alinisukuma mimi na Dodo chini ya meza kubwa, akaingia ghalani. Kutoka pale niliona miguu tu: ndala za Swamiji, viatu vya Anko Jayesh vilivyong'arishwa, kisha jozi nne za raba zikaja zikasimama. Kijana mmoja aliuliza kwa Kizulu kama humu ndani kuna wageni. Nilikuwa nimeshaokota Kizulu cha kutosha kuelewa swali hilo, kila mtoto wa Albert Park alilijua. Nikakumbuka kanuni ya Dada: mtawa hasemi uongo hata kwa utani. Nilimziba Dodo mdomo. Swamiji alinyamaza. Nikajua kwamba mzee huyu mzuri atatuua kwa ukweli wake.

Aliyejibu ni Anko Jayesh. Alijibu kwa Kizulu cha kuuzia rangi, kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa, kwamba hakuna mgeni yeyote, kuna yeye na mzee wake wanasubiri chakula, na kama wanadhani anaficha mtu, watazame, mlango hauna hata kitasa. Mmoja wa vijana aliomba maji. Anti Kokila alimpelekea kwenye kikombe cha mama, kile alichokuja nacho siku ya kwanza, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na mkono wake. Kijana alikunywa, akashukuru, wakaondoka. Anko Jayesh aliinama akaweka kichwa kati ya magoti, na Swamiji akamwekea mkono mgongoni. Jioni ile Swamiji alipopakua, alianza na sahani ya Anko Jayesh.

Tulikaa ghalani wiki tatu, kisha tukarudi Albert Park, ambako nipo hadi leo, ghorofa ya kumi na mbili sasa, katika chumba kisicho na pazia. Nafanya kazi katika ofisi ya meli bandarini. Swamiji alishafariki. Mlango wa jiko la ashramu una geti la chuma na king'ora, walivyotia baada ya wezi kubeba masufuria yote, na sina ujasiri wa kuwalaumu. Nilipopata flati yangu, Anko Jayesh, ambaye siku hizi anatembelea fimbo, aliniletea zawadi ndani ya mfuko wa plastiki: lile kufuli. Alisema alilinunua kwa ajili ya mlango wangu tangu zamani, na tulicheka wote wawili, ingawa yeye aliacha kucheka mapema. Nalitumia kwenye geti, juu ya vitasa viwili na komeo.

Mwezi uliopita, Jumamosi alasiri, karatasi zilibandikwa tena chini. Nilikuwa nikikaanga mvuje niliposikia mbio kwenye ngazi, kisha mtu akagonga mlangoni kwangu. Ilikuwa sauti ya mwanamke, Kiswahili cha Bujumbura, na nyuma yake mtoto anayelia. Simjui. Sikuwahi kumwona.

"Dada," alisema. "Dada, nakuomba, nifungulie."

Nilizima jiko ili asisikie samli. Nilisimama sebuleni, nikashusha pumzi taratibu, nikafanya kama hakuna mtu ndani, na nilifanya hivyo kwa muda mrefu kuliko nilivyomwambia mama. Aliita tena dada. Nikaenda, nikafungua kitasa cha juu, kitasa cha chini, komeo, na nikawa natafuta ufunguo wa kufuli huku yeye akiniambia kutoka upande wa pili nisiharakishe, atangoja.