Mashine ya Boti, Orofa ya Tatu

Nimekosa, na sitazunguka. Nilimsingizia mama wa watu kwamba ndiye anayetumalizia maji, tena mbele ya ploti nzima, nikiwa nimevaa shati la kazini na kalamu mfukoni, ilhali mmalizaji alikuwa mimi. Sikumsingizia kwa hasira wala kwa ulevi. Nilimsingizia kwa hesabu!

Nisikilize hadi mwisho kabla hujanitukana. Ukimaliza, nitukane unavyotaka, sina wakili.

Ninaishi Eastlands, si mbali na Donholm, katika ploti ya nyumba kumi na nne. Maji yetu ni ya kisima cha lendilodi na yana chumvi. Ukipika chai, maziwa yanakatika. Ukioga, sabuni inakataa kutoa povu, unatoka bafuni umekwaruzika tu. Pampu huwashwa Jumatatu na Alhamisi, tangi la juu linajaa, na sote tunagawana hilo hilo mpaka siku ya pampu irudi. Maji matamu ya kunywa tulikuwa tunanunua kwa mitungi, kama watu wengine wote.

Shida ni kwamba mimi nilijiona si kama watu wengine wote.

Kazi yangu ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Bandari yenyewe nimeiona mara moja, kupitia dirisha la basi. Lakini kwa kuwa makaratasi ya meli hupita mezani kwangu, nilikuwa nimeanza kuongea kama nahodha. Nikitoka kazini nilikuwa natazama video za wazungu wanaoishi kwenye viboti vya tanga, baba, mama, watoto na mbwa. Na karibu kila kiboti kilikuwa na mashine ndogo ya volti kumi na mbili, inayotumia betri, inavuta maji ya bahari na kuyatoa matamu.

Nilikariri habari za mashine hizo kama katekisimu. Kubwa hutoa maji mengi lakini humaliza betri kabla ya chai ya saa nne. Ndogo hutoa lita sita kwa saa, hula ampea tano hivi, na paneli moja ya sola inaitosha jua likiwaka. Chujio lake halitaki klorini hata tone. Ukiiacha wiki mbili bila kuisuuza, inaoza ndani na kunuka. Hayo yote niliyajua mimi, mtu ambaye hajawahi kukanyaga hata mtumbwi. Mke wangu aliniuliza boti letu limeegeshwa wapi, nikamwambia asidharau elimu.

Niliipata Gikomba, nyuma ya maseremala, kwa jamaa mmoja anayeuza vyuma vilivyotoka Pwani. Alikuwa nazo mbili, zimeng'olewa kwenye boti zilizozeeka. Moja ilitaka jenereta, nyingine ilikuwa na ukubwa wa cherehani. Nikamwuliza kuhusu volti, kuhusu ampea, kuhusu umri wa chujio, nikiongea kwa sauti ili na maseremala wasikie. Alinijibu yote kwa subira. Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwa nimeuliza.

"Buda, hii kitu inakunywa kumi inatema tisa," akasema. "Kwa bahari hakuna noma, maji inarudi tu. Sasa huko kwenu hiyo tisa utapeleka wapi?"

Nilicheka. Nikamjibu, "Si maji ni ya lendilodi?"

Kwa hivyo asije mtu akanitetea kwamba sikujua. Nilijua kabla sijaibeba. Katika kila lita kumi, moja kwenye kikombe changu, tisa nje. Kwa mwenye boti hiyo si hasara, anaishi juu ya maji. Mimi nilikuwa naishi chini ya tangi la nyumba kumi na nne, na nikachagua mashine kwa kuangalia betri yangu peke yake.

Nikaifunga jikoni. Paneli kwenye roshani, betri ya gari kuukuu la shemeji yangu chini ya sinki, mpira kwenye mfereji. Na maji yale, jamani! Chai ikawa chai. Mke wangu aliyekuwa akinicheka aliosha nywele mara mbili siku moja. Majirani wakaja kuonja, kikombe kwa kikombe, wakitikisa vichwa, na mmoja akaniita Injinia. Jina likanata. Sikumsahihisha mtu.

Wiki ya kwanza zile lita tisa nilizikinga kwa beseni, za choo na za kupigia deki, kama mke wangu alivyoamuru. Lakini lita hamsini na nne kila saa si mchezo. Nilichoka kuhamisha beseni. Wiki ya pili nikanunua mpira mrefu, nikaupitisha dirishani na kuuchomeka kwenye bomba la mvua linaloshuka ukutani hadi nyuma ya ploti, pale pa kufulia nguo. Hakuna kelele, hakuna ushahidi. Nikawa naiwasha saa mbili asubuhi nikienda kazini, inazimika yenyewe jua likilegea.

Lita karibu hamsini za maji matamu kila siku kwa watu watatu! Tulioga nayo. Nilioshea pikipiki. Nilimwagilia sukumawiki yangu ya kwenye gunia, nikaipiga picha na kuituma kazini. Ilikuwa Januari, mbingu kavu, na bomba la mvua la ploti yetu lilikuwa linatiririka kutwa nzima.

Chini kabisa, mlango wa kwanza, aliishi Mama Nduku. Ni mjane kutoka Ukambani, na kazi yake ilikuwa kufua nguo za watu wa Donholm. Asubuhi anakwenda kuchukua mafurushi, anafua pale nyuma chini ya mabati, anaanika, anapiga pasi ya makaa, anarudisha. Kwa mikono hiyo alikuwa amemfikisha binti yake Nduku kidato cha nne. Ndiye peke yake katika ploti aliyeendelea kuniita Baba Shiro, jina la mwanangu, hata baada ya wengine kunipandisha cheo.

Siku moja Januari hiyo alituletea bakuli la muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ya Kikamba, limefunikwa kitambaa cha kufuma, akamwambia mke wangu, "Hii mpe Baba Shiro, mwambie asante sana." Nikala lote peke yangu. Sikujiuliza asante ya nini. Nilidhani ni ya kile kikombe nilichomwonjesha, na nikaona ni kawaida tu Injinia kuletewa chakula.

Sasa, tangi lililokuwa likitufikisha Alhamisi likaanza kukauka Jumatano mchana. Watu wanarudi kutoka kazini, mfereji unakohoa. Barasa, keateka wetu anayeitunza ploti, aliapa kwamba pampu ni nzima na hakuna bomba lililopasuka. Mwenyekiti wa wapangaji, muuza mashuka wa Eastleigh, akaitisha mkutano pale penye maegesho. Akasema lazima ajulikane anayemaliza maji. Wote wakageuka kuniangalia, si kwa kunishuku, kwa kunitegemea.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Ningesema ni mimi, jamani samahani, tukacheka yakaisha. Badala yake nikasikia sauti yangu ikiomba wiki moja ya kufanya uchunguzi.

Uchunguzi! Niliomba likizo ya siku tatu kazini, nikakaa dirishani na daftari nikihesabu beseni za mwanamke anayefua nguo. Mabati yalifunika pale alipokuwa, sikuona anakochota, niliona beseni zikitoka kumwagwa tu. Kushuka ngazi nikaangalie sikushuka. Injinia atakwendaje mtaroni? Nikazidisha beseni kwa ujazo wake, nikapata lita mia nne na zaidi kwa siku. Nikapiga pia hesabu ya maji yaliyokuwa yakipotea kwenye tangi. Zikakaribiana kabisa. Nilifurahi, na nusu ya moyo wangu ikaanza kuamini kwamba kweli ni yeye. Hujawahi kuona mtu mwenye hatia akijifurahisha hivyo!

Jumapili nikasoma ripoti. Nilikuwa nimeichapisha ofisini, ina jedwali. Mama Nduku alikuja amefunga leso, mikono bado imekunjamana kwa maji. Mwenyekiti akamwuliza ana la kusema. Hakumjibu yeye. Aliniangalia mimi kwa muda mrefu, hata watu wakaanza kukohoa.

"Baba Shiro," akasema, "hayo ndiyo unasema?"

"Si mimi, mama. Ni hesabu," nikamjibu.

Akaketi. Ikapitishwa kwamba asifue tena nguo za nje ndani ya ploti. Mikono ilipanda yote, na wangu ulitangulia.

Wiki hiyo hiyo, kwa kuwa tangi lilikuwa tupu, Barasa akapanda akalisugua na kumimina klorini bila kupima. Siku chache baadaye chai yangu ikakatika maziwa. Chujio lilikuwa limeungua. Lile nililokariri kutoka kwa wazungu, hata tone, sikulikumbuka hadi nilipoonja chumvi. Nikaizima mashine. Na bila shaka tangi likaanza kufika Alhamisi, na maji yakabaki!

Ploti ilinishangilia. Barasa alinisalimu kwa mikono miwili. Watu walisema mnaona, tangu yule mama aache, maji yamejaa. Kufa kwa mashine yangu ndiko kulikomtia yeye hatiani kabisa, na mimi nikawa napokea pongezi ngazini.

Wenye nguo wa Donholm hawakungoja. Wengine walitafuta mtu mwingine, wengine hawakutaka mtu afulie ndani kwao. Mwisho wa mwezi Mama Nduku akahamia chumba kimoja Kayole. Pale alipokuwa akifulia, mwenyekiti akaanza kuegesha pikipiki yake, mabati yaikinge jua.

Miezi miwili ikapita. Mke wangu akipanga kabati akalikuta lile bakuli la muthokoi. Kwetu chombo cha mtu hurudishi kitupu, basi akakijaza sukari, akakiweka mbele yangu. Nikamwambia akipeleke yeye. Akakataa.

"Ulikula peke yako," akasema. "Rudisha peke yako."

Nilimkuta Mama Nduku mlangoni pake, anafua kwa maji ya mtungi, kidogo kidogo. Nduku alikuwa kando yake anakamua, na siku yenyewe ilikuwa ya shule. Nikapewa kigoda. Nikaanza kuzungukazunguka, habari za afya, habari za mvua. Mwishowe nikasema nimekuja kwa sababu ya yale maji.

"Yale ya bomba la mvua?" akauliza.

Kumbe aliuona mpira wangu tangu siku ya kwanza. Kumbe kila asubuhi aliweka beseni chini ya lile bomba, na Januari nzima hakufungua mfereji wa tangi hata mara moja. Nguo zote zile alizifua kwa maji niliyokuwa natupa. Ndiyo maana hesabu zangu zilikaribiana! Nilikuwa nimepima uchafu wangu mwenyewe nikamwandikia yeye.

"Nilijua unanifungulia mimi," akasema. "Nikasema huyu ameona vile mgongo inanisumbua kubeba, akaniteremshia maji mpaka kwa miguu. Nikakupikia muthokoi."

Nikamwuliza kwa nini hakusema pale mkutanoni.

"Ningesema, wangekugeukia wewe. Nikangoja useme mwenyewe."

Hakulia, hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alimimina sukari kwenye mkebe, akaosha bakuli, akaniuliza kama siku hizi kwetu maji yanafika Alhamisi. Nikasema yanafika. Akasema ni vizuri, akarudi kwenye nguo zake.

Nilirudi nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, na mpira mkononi kama kielelezo. Nilimweleza yote, kuanzia Gikomba. Alinisikiliza akipangusa pikipiki yake pale pale chini ya mabati.

"Injinia, hiyo kesi tulifunga," akasema. "Maji si inatosha? Ukianza hizo story saa hii, sisi wote tulioinua mkono tutaonekana mafala."

Nikaamua kugonga mlango kwa mlango. Nimegonga miwili tu hadi leo. Wa kwanza alicheka akidhani natania. Wa pili akaniomba nije nimfungie sola. Milango iliyobaki nimekuwa naipita, na hiyo ndiyo aibu yangu ya leo, mbali na ile ya Januari. Nyumbani mke wangu hanisemi. Ananunua maji ya mitungi, anaweka jikoni juu ya ile mashine, ambayo siku hizi ni stuli tu.

Wewe unayetazama video ukitamani kununua mashine kama hiyo, nunua, sikukatazi. Uliza betri, uliza ampea, na uliza inatema wapi. Na siku ploti ikikuita umtafute anayemaliza maji, shuka kwanza ngazi za nyumba yako uangalie bomba lako. Ukikuta ni wewe, sema siku hiyo hiyo, kabla hujaanza kupigiwa makofi. Baada ya makofi hakuna atakayetaka kukusikia, hata wewe mwenyewe utakuwa hutaki.

Juzi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilisikia bomba linatiririka nikashuka, kwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa, hadi pale nyuma. Nikasogeza pikipiki ya mwenyekiti, nikaweka beseni. Likajaa haraka kuliko nilivyotarajia, maji safi kabisa, na nikabaki nimelishika bila mtu wa kumpa.