Mtihani wa kumbukumbu wa dada yangu Furaha

"Kichwa cha huyu mama hakishiki kitu."

Ndivyo mtahini alivyosema leo hapa Uvira juu ya dada yangu Furaha, aliyewakimbia waasi huko Kamanyola na sasa anaomba kusomea ukunga.

Uongo!

Mtahini alimtajia tarakimu kwa Kifaransa, azirudishe kinyumenyume kwa Kifaransa hichohicho. Furaha huhesabu kwa Kiswahili. Basi akili ileile ilishika, ikatafsiri, ikageuza, ikatafsiri tena. Nani asingeangusha moja?

Nikaingia bila kukaribishwa. "Muulize kwa Kiswahili!"

Akamtajia tarakimu nyingine, safari hii kwa Kiswahili. Furaha akazigeuza zote, kisha akauliza: "Iko ingine, dokta?"

Mtahini akacheka. Alama akaziacha vilevile.

Nimechoka, jamani.

Wakuu wa shule ya ukunga, mpimeni upya kesho, kwa lugha anayohesabia.